Je, wajua? Vyanzo kumi vinaweza kuwa chanzo kimoja tu

Wengi tunaamini ukigoogle kitu ukakuta tovuti kumi na vitabu viwili vinasema kilekile basi ni kweli, utafiti umeisha. Wapi. Swali sio wangapi wamesema, ni wangapi wamejua kivyao bila kukopi kwa mwenzao.

Cheki stori ya spinachi. Eti zamani wanasayansi walipima madini ya chuma kwenye spinachi, mtu akakosea nukta ya desimali, kiwango kikaonekana mara 10 ya ukweli na dunia nzima ikaingia mkenge. Stori tamu, imetumika sana kufundishia watu wahakiki vyanzo vyao, shida ni kwamba hiyo nukta yenyewe ndo haina ushahidi! Iliandikwa 1981 na daktari Terence Hamblin kwenye British Medical Journal (jarida la madaktari la Uingereza), bila kutaja kaitoa wapi, wengine wakakopi kwake, wengine wakakopi kwa waliokopi. Mwaka 2010 Mike Sutton, mtu wa kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu (sio lishe kabisa), akafukua na hakukuta ushahidi wowote wa hiyo nukta. Yaani waliokuwa wanatuonya tuhakiki nao hawakuhakiki. Kuna wanaodhani zile namba kubwa za zamani zilitokana na kupima majani makavu, inaingia akilini, ila hapo bado ni kudhani.

Ni kama nyumba yenye mabomba kumi na tenki moja. Maji ya jikoni yakinuka, ukaenda kuonja ya bafuni nayo yananuka vilevile, hujapata ushahidi wa pili, umerudi kwenye tenki lilelile kwa njia nyingine. Ila kwenye utafiti mabomba unayaona, tenki limejificha.

Na kuna wakati bomba linarudisha maji kwenye tenki. 2008 mwanafunzi mmoja Marekani aliandika kwenye Wikipedia, kwa utani tu, kwamba koati, mnyama wa Amerika wa jamii ya rakuni, anaitwa pia muhanga (yule mnyama mla mchwa) wa Brazil. Magazeti yakalibeba hilo jina, kisha magazeti hayohayo yakawa ndo ushahidi wa Wikipedia.

Kwa hiyo fuata marejeo kurudi nyuma mpaka kwa aliyepima au aliyeona mwenyewe. Naye anaweza kuwa kakosea, hilo halikwepeki, lakini angalau unajua unabishana na nani. Marejeo yasipokuwepo, angalia makosa: watu wawili wanaweza kupata jibu sahihi kila mtu kivyake, ila wakikosea herufi ileile kwenye jina lilelile, hapo kuna mtu kakopi.