Koo linakereketa na haliponi? Hebu tuangalie magego

Mimi ni daktari wa meno, lakini wapo wanaofika kwangu wakilalamikia koo. Limewakereketa mwezi mzima, wameshameza antibayotiki mara mbili tatu, wanapata nafuu siku chache, kisha hali inarudi palepale. Mmoja wao simsahau. Aliniambia, "Daktari, nikimeza mate ni kama nameza mwiba, lakini upande huu tu." Akaweka kidole chini ya pembe ya taya, kushoto.

Hilo "upande huu tu" ndilo lililonifanya nichukue kioo. Gego lake la mwisho la chini lilikuwa limeota nusu, nusu nyingine imefunikwa na kikunjo cha ufizi. Nilipokibonyeza taratibu, usaha ulichuruzika pembeni. Chini ya kikunjo kama kile mabaki ya chakula hunasa, mswaki haufiki, na bakteria huzaliana kwa raha zao. Kwa kuwa gego hilo lipo jirani kabisa na koo, maumivu husikika kooni, mara nyingine hadi sikioni, na mdomo huwa mgumu kufunguka. Antibayotiki huwapunguza bakteria, ila mfuko wenyewe unabaki, ndiyo maana tatizo hurudi. Unahitaji kusafishwa, na gego likiwa halina nafasi ya kuota vizuri, mara nyingi hung'olewa.

Magego ya juu nayo yana njia yake. Mizizi yake inakaribiana sana na sinasi, ule uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, na kwa baadhi ya watu kinachovitenganisha ni mfupa mwembamba mno. Jino likioza hadi kwenye kiini na usaha ukatunga mzizini, maambukizi yanaweza kupanda hadi kwenye sinasi. Hapo kamasi yenye harufu mbaya hutoka katika tundu moja la pua, na nyingine huteremka nyuma hadi kooni, hasa ukilala. Mtu anaamka akikohoa na kusafisha koo, wala jino halimpiti akilini, kwa sababu jino ambalo kiini chake kimekufa linaweza lisiume kabisa. Picha ya eksirei ndiyo hulifichua.

Nisieleweke vibaya: koo nyingi hazihusiani na meno. Koo la mafua kwa kawaida hupoa ndani ya wiki moja hivi, na kwa kuwa husababishwa na virusi, antibayotiki haziligusi. Likizidi hapo, nauliza kuhusu sigara, mzio, na kulala mdomo wazi. Nauliza pia kuhusu tindikali ya tumbo, kwani inaweza kupanda hadi kooni bila kiungulia chochote. Dalili zake ni sauti kukwaruza na hisia ya kitu kilichokwama. Halafu naomba kuona dawa zote anazotumia. Dawa za shinikizo la damu za kundi la enalapril, captopril na lisinopril huwaletea baadhi ya watu mwasho wa koo na kikohozi kikavu, hata miezi kadhaa baada ya kuzianza. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia, zipo nyingine. Na anayevuta dawa ya pumu yenye steroidi asukutue na kutema kila baada ya kuvuta, la sivyo fangasi huweza kuota mdomoni na kooni.

Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu, uvimbe shingoni usiopungua, kidonda cha mdomoni kisichopona, kukohoa damu, au kupungua uzito bila sababu ni vya daktari wa masikio, pua na koo, bila kusubiri. Saratani ya koo ikiwahiwa hutibika vizuri zaidi, nami naumia kila ninapoona mtu amekaa nayo miezi akimung'unya vidonge vya koo.

Hali moja haingoji hata miadi. Jino la chini likiuma kisha ukavimba chini ya kidevu, ulimi ukasukumwa juu, ukashindwa kumeza mate yako mwenyewe au pumzi ikawa nzito, maambukizi yanaelekea kuziba njia ya hewa. Nenda idara ya dharura saa hiyohiyo, usiku au mchana, na njiani kaa wima, usilale chali.