Jack Johnson na wataalamu wa video ya nusu dakika

Wiki iliyopita, kwa mara ya kumi na ngapi sijui, kijana ninayemfundisha kanijia na simu mkononi. "Kocha, huyu ndiye Jack Johnson mnayemsifia? Mbona anapiga kama anafukuza nzi? Mimi huyu namkalisha raundi ya pili." Kijana mwenyewe ana mapambano manne ya ridhaa na kapoteza mawili. Nilimwambia akaruke kamba. Sasa hasira imeshuka, namjibu yeye na wenzake wote wanaomhukumu Johnson, bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu wa mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa video fupi za kizamani.

Hilo la kufukuza nzi, yaani kasi ya ajabu kwenye video, nalimaliza haraka. Kamera nyingi za enzi zile zilizungushwa kwa mkono. Ukizichezesha picha zake kwa mwendo wa leo, watu wanakimbia kama kuku na ngumi inakosa uzito. Tafuta nakala iliyorekebishwa mwendo, ndipo tuongee.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaoapa kwamba wazee walikuwa chuma. "Sullivan alipiga raundi 75!" Ni kweli, John L. Sullivan, bingwa wa miaka ile, dhidi ya Jake Kilrain, Mississippi, Marekani, Julai 1889, mikono mitupu. Ila kwa sheria zile raundi iliisha pale mtu alipoanguka, iwe kapigwa, kabwagwa kama kwenye mieleka, au kajilaza mwenyewe avute pumzi. Zote 75 zilichukua saa mbili na ushee. Zingekuwa za dakika tatu na mapumziko ya dakika moja, zingekaribia saa tano. Sullivan alikuwa mtu mgumu, sibishi, lakini usinitajie idadi ya raundi kama hujui raundi yenyewe ilikuwa nini.

Sasa linaloniudhi hasa: kukumbatiana. Leo ukimkumbatia mwenzako refa anawatenganisha, watazamaji wanazomea. Kwa hiyo vijana wakiona Johnson kamkumbatia bingwa wa zamani James J. Jeffries, Reno, Marekani, Julai 4, 1910, wanapeleka video mbele. Wanaruka somo zima! Rudisha. Tazama mikono ya Johnson iko wapi. Kamshika Jeffries juu ya viwiko, kwenye msuli. Jeffries akitaka kurusha, mkono umeshakufa kabla haujaondoka. Johnson anasikia kwa viganja bega lipi linajiandaa, analizuia, kisha anaachia upande mmoja tu na kupenyeza konde la kutoka chini hadi kidevuni. Anarudi kushika. Na wakati wote huo anaongea, anawajibu waliokuwa wakimkejeli kutoka kona ya Jeffries, akiwemo James Corbett, naye bingwa wa zamani. Mtu anayepigana kwa kubahatisha hapati nafasi ya kupiga soga. Raundi ya 15 Jeffries akaangushwa, mambo yakaisha.

Kazi ile hakuzaliwa nayo. Mwaka 1901 kule Galveston, kwao, Joe Choynski alimlaza raundi ya tatu. Ngumi za kulipwa zilikuwa marufuku Texas, hivyo polisi wakawabeba wote wawili. Wakakaa jela wiki kadhaa, na humohumo wakawa wanapigana mazoezi. Choynski alikuwa mdogo wa mwili aliyeishi kwa akili. Ukitaka kujua Johnson alisomea wapi, anzia hapo.

Halafu "mikono chini". Kila aliyeanza ngumi mwezi jana analiona kosa hilo. Vaa basi glavu zao za aunsi 5, ujifiche nyuma yake kama unavyojificha nyuma ya za aunsi 10. Zinapenya! Huna ukuta. Kinga yao ilikuwa umbali: unasimama nusu hatua nje, unarudisha kiwiliwili nyuma, na ngumi inayokuja unaidaka kabla haijanyooka. Johnson alizipokea ngumi za watu kama konda anavyopokea nauli. Glavu nyembamba humvunja mkono mpigaji pia, na Reno walipanga raundi 45, juani, Nevada. Humwagi ngumi kama mvua. Unachagua.

Aliyechagua vizuri kuliko wote, kwangu mimi, ni Bob Fitzsimmons. Machi 17, 1897, Carson City, akigombea ubingwa wa Corbett, alikuwa na kilo 76 hivi. Corbett alimzidi mwili, na miguu yake ndiyo iliyomvua Sullivan ubingwa. Akamchezea Fitzsimmons atakavyo, raundi ya sita akamwangusha. Raundi ya 14 Fitzsimmons akatupa mkono wa kulia, mguu wa kulia ukaufuata mbele, na kutoka kwenye msimamo huo mpya mkono wa kushoto ukazama kwenye chembe cha moyo. Corbett alibaki na akili timamu, pumzi hana. Vijana wangu huko kubadilisha miguu katikati ya shambulizi wanakuita mtindo wa kisasa.

Nami nina yangu yasiyokaa sawa. Niliwahi kumfundisha bondia mmoja ile kazi ya kukumbatia kwa miezi miwili. Kwenye pambano lake refa akamwonya, akamwonya tena, akamkata pointi, tukapoteza kwa pointi hiyohiyo. Kosa langu. Ufundi ule ulikaa ndani ya sheria zake, na sina hakika ukiutoa humo unabaki kiasi gani.

Tena Johnson aliwapiga wadogo wengi. Tommy Burns, ambaye Johnson alimvua ubingwa Sydney mwaka 1908, alikuwa mfupi na mwepesi kwake. Stanley Ketchel alikuwa wa uzito wa kati, na bado alimwangusha Johnson kabla ya kuzimwa. Sam Langford je? Johnson alimshinda kwa pointi mwaka 1906, Langford akiwa mwepesi kwa zaidi ya kilo 10. Alipoupata ubingwa, Johnson hakumpa nafasi ya pili. Kila nikiulizwa nani alikuwa fundi zaidi namtaja Johnson, na kila mara Langford ananikaa kooni.

Yule kijana nimemwambia Jumamosi aje bila simu. Raundi tatu, kukumbatiana tu, mimi na yeye. Nina miaka 54 na goti moja bovu.