Kuokota kibati cha askari si kuokota kifo

Nimetumiwa tena picha ya kibati cha shingoni (kile chenye jina na namba yake) cha askari wa Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia, kimetolewa shambani, na chini yake mtu kaandika "masikini, alifia hapahapa". Jamani! Nimechoka kulijibu hili mmojammoja, ngoja niliandike mara moja.

Tangu 1916 kila askari wa jeshi la nchi kavu la Marekani anapewa vibati viwili. Akifa, kimoja kinabaki na mwili na cha pili kinaenda kwa wanaoandika habari za mazishi. Sasa kibati kimoja kimelala peke yake kwenye udongo, hakuna mfupa, hakuna buti, kwa nini uanze na kifo? Mkufu unakatika mtu akioga mtoni, mwingine kavua akasahau, mwingine kaandikiwa vipya maana vya kwanza vilikuwa na kosa. Wengi waliopoteza vibati walirudi kwao wakazeeka. Ila ukikuta na mifupa hapo acha kuchimba kabisa, usihamishe kitu, ita polisi.

Na lile pengo la ukingoni mwa kibati, tafadhali, si la kukibanisha kwenye meno ya maiti kama watu wanavyosema. Ni la kukishikilia kikae sawa kwenye mashine ya kugonga herufi. Basi.

Kinachonikera zaidi ni usomaji. Hapa mezani nina kimoja, kona imepinda, kina mistari mitano. Wa kwanza jina, wa pili namba inayoanza na 32, halafu T42, halafu O. Hiyo T ni chanjo ya pepopunda na 42 ni mwaka wake, O ni kundi la damu. Mstari wa tatu kuna jina la mwanamke, wa nne mtaa, wa tano mji, na pembeni P yaani Mprotestanti (C ni Mkatoliki, H ni Myahudi). Mtu akiona jina la mwanamke anasema huyo mkewe, anaanza kutafuta wajukuu. Aliyeandikwa pale ni ndugu wa kupewa taarifa, anaweza kuwa mke, mama, hata dada, na anwani ni ya huyo ndugu siyo lazima iwe ya askari. Faida yake ni nyingine, ndugu waliandikwa kuanzia mwisho wa 1941 hadi Julai 1943 tu, kwa hiyo najua kibati kiligongwa lini, lakini sijui kilianguka lini, maana angeweza kukivaa hadi vita viishe.

Namba ndiyo ufunguo, jina halitoshi, majina yanafanana mno. Ikianza na 1 kwa kawaida alijiunga kwa hiari, 3 aliitwa kwa lazima, na ile 2 inayofuata kwenye 32 ni eneo la New York, New Jersey na Delaware, yaani alikoandikishwa, siyo alikozaliwa! Usikisugue kwa brashi ya waya. Kioshe kwa maji, mulika tochi ya simu kutoka ubavuni, halafu kigeuze, maana herufi zimegongwa na nyuma zinatokea kinyumenyume, mara nyingi huko ndiko zinasomeka vizuri. Mimi niliwahi kusoma 3 nikaona 8, ikabidi nimpigie tena simu binti wa mtu kumwambia kile kibati si cha baba yake. Alinyamaza muda mrefu. Tangu siku ile nasoma mara tatu, siku tofauti, na bado zipo namba ambazo siwezi kuapa.

Ukishaipata namba, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani ina rekodi kama milioni 9 za walioandikishwa jeshini wakati ule, unatafuta bure kwenye intaneti. Mafaili yenyewe ni shida, moto wa Julai 1973 huko St. Louis uliteketeza karibu asilimia 80 ya mafaili ya waliotoka jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960, kwa hiyo ukijibiwa hakuna faili usidhani askari hakuwepo.

Cha vita vya Vietnam nacho ni hatari nyingine, kuanzia 1969 namba ya jeshi ilibadilishwa ikawa namba ya hifadhi ya jamii ya mtu, ambayo wezi wanaweza kuitumia kujifanya yeye, kwa hiyo ficha namba kabla hujaposti picha. Tena vinavyouzwa kwa watalii kule vingi ni feki.

Hiki changu cha 32 jina na namba vimekubaliana kwenye rekodi. Sasa napitia matangazo ya vifo ya magazeti, nimeanzia miaka ya 1980 kuja huku. Orodha ya makaburi ya vita nitaifungua mwisho.