Je, wajua kwa nini Epifania ya Ethiopia iko Januari 19 na siyo Januari 6?

Kwa muda mrefu mtu akiniuliza hili swali nilikuwa najibu haraka, kwamba Waethiopia wako nyuma yetu miaka saba au nane ndiyo maana sikukuu zao zinachelewa. Nilikosea, na kwa vile jibu hilo bado nalisikia kila Januari, ngoja tulinyooshe.

Kwanza sikukuu yenyewe. Inaitwa Timkat, yaani ubatizo. Wakatoliki siku ya Epifania wanawakumbuka zaidi mamajusi, Waethiopia wanakumbuka Yesu kubatizwa mtoni Yordani, kwa hiyo kila kitu kinaelekea majini. Siku inayotangulia ni Ketera, jina linalotokana na kuziba maji, maana vijijini watu wanaziba kijito ili wapate bwawa. Siku hiyo mapadre wanatoa kanisani tabot, kibao kitakatifu kinachowakilisha Sanduku la Agano, na bila hicho kanisa halihesabiki kanisa. Padre anakibeba kichwani kimefunikwa vitambaa vya thamani, muumini wa kawaida hakioni kabisa, na bado kijiji kizima kinakifuata kwa ngoma na vigelegele mpaka majini, watu wanakesha hapo, asubuhi maji yanabarikiwa wananyunyiziwa na wengine wanajitosa. Wengi wanadhani pale watu wanabatizwa upya, hapana, ubatizo ni mara moja tu, mtoto wa kiume siku ya 40 na wa kike siku ya 80, hii ni kumbukumbu.

Sasa tarehe. Ile miaka saba au nane ni kweli ipo, ila inatokana na hesabu tofauti ya mwaka aliozaliwa Yesu. Fikiria babu anasema alizaliwa 1940 na kitambulisho kinasema 1948, siku yake ya kuzaliwa imehama? Haijahama. Namba ya mwaka haisogezi siku hata moja.

Kinachosogeza ni mwaka mrefu, ule wa siku 366. Kalenda ya zamani ya Julius Caesar iliongeza siku moja kila baada ya miaka minne bila kuacha, lakini mwaka halisi wa jua ni mfupi kuliko hesabu hiyo kwa kama dakika 11. Ni kama fundi cherehani anayekata vipande vya kitambaa na kila kipande kinazidi kwa unywele, cha kwanza huoni kitu, cha kumi huoni kitu, ila ukivipanga vyote unakuta kitambaa kingi kimeshapotea. Kwenye kalenda unywele huo unafika siku nzima kila baada ya miaka kama 128. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akapunguza ziada, Oktoba 4 ikafuatwa na Oktoba 15, na baadaye miaka 1700, 1800 na 1900 ikanyimwa Februari 29. Jumla siku kumi na tatu, kumi za Oktoba ile na tatu za Februari.

Ethiopia haikukata kitu. Kwao Timkat ni tarehe 11 mwezi wa Terr, ambayo kwa kalenda ile ya zamani ndiyo Januari 6. Sisi Waswahili hili tungelielewa mapema kuliko wengine, maana tukisema saa tatu asubuhi simu inaandika 9:00 na hakuna aliyechelewa, na Waethiopia nao saa wanazihesabu hivyo hivyo kama sisi. Siku ni ile ile yao, 19 ni namba inayosomeka kwenye kalenda yetu.

Kuna mahali hesabu inayumba kidogo. Siku yao ya ziada wanaiweka mwisho wa mwaka wao, Septemba, sisi tunaiweka Februari, kwa hiyo kwenye miezi ya katikati tarehe inateleza kwa siku moja, ndiyo maana 2020 na 2024 Timkat iliangukia Januari 20. Na mwaka 2100 sisi tutaruka Februari 29 wao hawataruka, kwa hiyo kuanzia 2101 Januari 20 ndiyo itakuwa tarehe ya kawaida, na kijijini watu watakuwa wanaziba kijito kwa ajili ya Terr 11 kama siku zote.