Msipime akili ya mzee kabla ya kumpima masikio

Mamaangu yupo Wete, ana miaka 74. Tukimuuliza hili anajibu lile. Watu wanasema akili inampotea. Ni kweli?

Huenda, lakini msimhukumu mapema. Uziwi wa uzeeni huanza na sauti nyembamba, kama za s, f, sh na th. Sauti nene za a, o na u hubaki. Ndiyo maana wazee wengi husema, "Nasikia mnasema, sijui mnasema nini." Mwambie nguru ni elfu sitini, huenda akasikia tisini, akagomba, na nyumba nzima ikaona amechanganyikiwa. Siku ya pensheni jamii jina lake linaitwa, yeye ametulia tu.

Kaeni naye pahala pasipo kelele, uso kwa uso, mseme taratibu bila kupiga ukelele. Akijibu sawasawa, tatizo kubwa limo sikioni. Ikiwa amesikia vizuri kisha akasahau papo hapo, au anapotea njia aliyoizoea, hilo ni jambo jengine na daktari aelezwe. Yote mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja.

Sikio na akili vinahusiana vipi?

Ubongo unaopokea maneno nusunusu hutumia nguvu nyingi kuyaunga, na nguvu ya kuyakumbuka hupungua. Mtu naye hujitoa kidogo kidogo: barazani haendi, harusini anakaa pembeni, mwanawe akipiga simu kutoka Muscat anampa mjukuu azungumze. Upweke huo wenyewe unadhuru ubongo. Tena presha na sukari huharibu mishipa ya damu ya sikio na ya ubongo kwa pamoja.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ili kupunguza ugonjwa wa kusahau. Uziwi ni mmojawapo, na ni katika yenye uzito mkubwa zaidi.

Basi kifaa cha kusikia kinazuia ugonjwa huo?

Sitawaahidi hivyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2023 uliwafuata watu 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka 3. Wengine walipewa vifaa, wengine mafunzo ya afya. Ukiwachukua wote pamoja, tofauti ya akili haikuonekana. Lakini katika kundi la waliokuwa hatarini zaidi, wenye umri mkubwa, presha au sukari zaidi na kipato kidogo, kudhoofika kwa akili kulipungua kwa asilimia 48. Kwa maoni yangu, wazee wetu wengi wanafanana na kundi hili la walio hatarini, na hiyo ni sababu tosha ya kutowaacha wakae na uziwi wao.

Babaangu amenunuliwa kifaa, kimo kabatini. Anasema kinampigia kelele.

Anasema kweli. Ubongo uliokaa miaka bila feni, kuku na pikipiki unavipokea vyote kwa mpigo. Aanze kukivaa saa chache nyumbani, azungumze na mtu mmoja, aongeze siku hadi siku. Kikipiga mluzi, mara nyingi hakikukaa sawa au sikio limejaa nta. Arudi kwa mtaalamu akirekebishe, zaidi ya mara moja ikibidi. Hapa ndipo familia nyingi zinapokata tamaa, nami nawaomba sana msikate.

Akivue kabla ya kutia udhu na kabla ya kuoga. Unyevu wa kwetu hukiua haraka: kila usiku akifute kwa kitambaa kikavu, afungue mlango wa betri, akiweke kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Karatasi iliyobandikwa kwenye betri mpya aibandue siku ya kuitumia tu.

Fedha hatuna. Tuanzie wapi?

Kituo cha afya kilicho karibu. Mara nyengine ni nta tu, ikitolewa mtu anasikia. Msichokoe kwa njiti wala kumimina mafuta, kwani kiwambo cha sikio kinaweza kuwa kimetoboka. Nta ikiwa siyo, ombeni rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, mwende na dawa zote anazotumia, maana baadhi huharibu usikivu. Mtu akiamka sikio moja limeziba ghafla halisikii, asingoje wiki: aonwe siku hiyo hiyo.