Mnara peke yake hauleti uchumi wa kidijitali

Wengi huamini kwamba kijiji hakina uchumi wa kidijitali kwa sababu hakina mtandao, na kwamba kampuni ya teknolojia ikishasimamisha mnara wa simu, biashara zitajileta zenyewe. Sivyo.

Kwa takwimu za mwaka 2023 za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ni asilimia 4 tu ya watu duniani walioishi pasipofikiwa na intaneti ya simu. Asilimia 39 walikuwa ndani ya eneo lenye mtandao lakini hawakuutumia. Pengo hilo la pili ndilo kubwa, na mnara hauliondoi.

Mtazame mkulima mwenye simu ya kitochi chini ya mnara mpya. Simu janja ni ghali kwake, bando linaisha kabla ya wiki, na programu ya kutafuta soko imeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Hata akimpata mnunuzi wa mbali, mzigo utapitaje barabara iliyokatika?

Kwa hiyo ubia wa maana kati ya kampuni ya teknolojia na kijiji huanzia kwenye maswali hayo. Nani atafundisha, kwa lugha gani? Kifaa kikiharibika, fundi yupo karibu au hadi mjini? Taarifa za wakulima ni mali ya nani? Hili la mwisho husahaulika sana, nami naliona zito kuliko yote, maana mkataba ukisainiwa bila wanakijiji kuuelewa, taarifa zao zinaweza kumfaidisha mwingine kabisa. Ufadhili nao una mwisho. Vijana wa pale pale waliofunzwa kutengeneza na kuendesha mitambo hubaki.