Ufadhili wa Masomo ya Chuo: Yanayosemwa Moshi na Yaliyo Kweli

Matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa, steshenari za mjini Moshi hujaa vijana na wazazi wao waliokumbatia bahasha za vyeti, wengi wakiamini kwamba ufadhili huanza kutafutwa siku hiyo. Kwa mkopo wa serikali unaotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu bado hawajachelewa. Kwa ufadhili mwingi wa nje, muda umeshapita. Vyuo vikuu vingi vya Marekani hufunga maombi mwanzoni mwa Januari kwa masomo yatakayoanza Agosti au Septemba, hivyo mwombaji hana budi kutuma maombi angali darasani, miezi kadhaa kabla ya mtihani wa Mei.

Wengine husema ufadhili ni wa wenye divisheni wani ya pointi tatu peke yao. Usemi huo una chembe ya ukweli, kwani ufadhili wa serikali uliopewa jina la Rais Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwalenga waliofaulu kwa kiwango cha juu katika masomo ya sayansi. Hata hivyo Chevening, unaolipia shahada ya uzamili Uingereza, hutazama uongozi na kudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Harvard na Princeton, vyuo vikuu vya Marekani, hazitoi kabisa fedha kwa sababu ya alama: mwanafunzi akishapokelewa, na kupokelewa huko ni kugumu mno, msaada hukadiriwa kwa kipato cha familia. Mzazi anayeona aibu kuandika kwamba anategemea kihamba cha kahawa na migomba humnyima mwanawe haki yake.

Mkopo wa Bodi nao si zawadi. Kisheria, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe, ingawa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowaumiza wengi, ilifutwa mwaka 2021.

Kuhusu wakala anayetaka atumiwe fedha kwenye simu yake ili “afuatilie jina”, jibu ni fupi: usimlipe. Kuomba Chevening ni bure, na ada ya maombi ya mkopo hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni kwamba karatasi ni jambo dogo la kumalizia mwishoni. Huku kwetu mtoto huwa na jina la ukoo nyumbani na la ubatizo kanisani, na shuleni huandikwa jinsi mwalimu alivyosikia. Cheti cha kuzaliwa kikisema Elifuraha na cha Kidato cha Nne kikisema Elfuraha, herufi moja hiyo inatosha kukwamisha maombi. Yatima huumia zaidi, kwa kuwa Bodi hutaka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na koo nyingi hazikuwahi kukifuatilia baada ya mazishi. Kukipata miaka kumi baadaye ni kazi ya kuzunguka kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mtendaji, hospitalini na kwa msajili wa wilaya, na dirisha la maombi halimsubiri mtu. Kazi hiyo ifanyike mtoto akiwa Kidato cha Tano, wakati wa likizo ya Desemba, ambapo wajomba na mashangazi wanaojua tarehe na majina kamili wamerudi nyumbani.